Semei Kakungulu na Pasaka ya Wayahudi wa Mbale



Kila mwaka, jioni ya Alhamisi Kuu, somo la kwanza hutoka katika sura ya 12 ya Kitabu cha Kutoka. Tunasikia habari za mwanakondoo, damu katika miimo ya milango, na mikate isiyotiwa chachu inayoliwa na watu walio tayari kwa safari. Pasaka hiyo imepangwa katika mwezi wa Abibu, mwezi wa masuke mabichi, wakati mvua za baridi zinapokwisha katika nchi ya Israeli na shayiri inapoanza kukomaa. Huku kwetu Kumsenga hatuna majira ya namna hiyo. Pasaka hutukuta mvua bado zinanyesha, maharage yako shambani, na njia za kwenda kanisani zina matope. Labda kwa sababu hiyo waamini wengi hudhani kwamba Pasaka ya Wayahudi ni jambo la watu wa mbali na la zamani.

Ukweli ni kwamba ng'ambo ya Ziwa Viktoria, katika mji wa Mbale chini ya Mlima Elgon, wako Waafrika wenzetu, watu wanaolima migomba kama sisi, ambao huiadhimisha Pasaka hiyo kila mwaka kwa mujibu wa Torati. Hujiita Abayudaya, yaani Wayahudi, kwa lugha ya Kiganda. Kusanyiko lao lilianzishwa na mtu mmoja aliyejulikana sana katika Uganda ya zamani: Semei Kakungulu. Maisha yake yanafaa kusimuliwa katika kipindi hiki cha Pasaka, kwa maana yana fundisho kwa kila aliyekabidhiwa watu wa Mungu, kuanzia mwenyekiti wa jumuiya hadi sisi mapadre.

Kijana wa Kooki katika vita vya dini

Kakungulu alizaliwa karibu na mwaka 1869 katika Kooki, ufalme mdogo uliokuwa kusini-magharibi ya Buganda, upande unaoelekea Kagera. Alipokuwa kijana aliingia Buganda, akajulikana kwa uwindaji wa tembo na ushujaa wa vita. Wakati huo jumba la Kabaka Mwanga lilikuwa limejaa vijana waliokuwa wakijifunza kusoma kwa wamisionari. Ni katika jumba hilohilo walimotoka mashahidi wetu, Mtakatifu Karoli Lwanga na wenzake, waliochomwa moto Namugongo tarehe 3 Juni 1886. Kakungulu alijifunza dini kwa Waprotestanti, akabatizwa, na tangu hapo Biblia haikumtoka mkononi.

Yaliyofuata ni historia ya kuhuzunisha. Kati ya mwaka 1888 na 1892 wafuasi wa dini mbalimbali walipigana wao kwa wao kwa ajili ya madaraka. Kwanza Wakristo na Waislamu, kisha Wakristo wenyewe, Wakatoliki wakiitwa Wafaransa na Waprotestanti wakiitwa Waingereza, kwa sababu ya asili ya wamisionari wao. Kakungulu alikuwa miongoni mwa majemadari hodari wa upande wa Kiprotestanti. Kwa hiyo babu zetu katika imani katika nchi ile walimjua kwanza kama adui. Tunasimulia jambo hili bila kinyongo, maana pande zote mbili zilishika bunduki na pande zote mbili zilidai kwamba zinamtumikia Kristo.

Ushujaa huo ulimpa utawala wa Bugerere, lakini pia ulimpa mshindani mkubwa: Apolo Kagwa, Katikiro wa Buganda, ambaye hakupenda kuona jina jingine likikua kando ya lake. Kakungulu akatambua kwamba ukuu wake ungepatikana nje ya Buganda, upande wa mashariki.

Ufalme ambao haukupatikana

Mwezi Aprili 1899 Kakungulu alikuwa pamoja na askari wa Waingereza huko Lango, walipokamatwa Kabalega, mfalme wa Bunyoro, na Mwanga mwenyewe, bwana wake wa zamani. Wafalme hao wawili walipelekwa uhamishoni Visiwa vya Shelisheli. Kakungulu naye aliendelea mashariki na jeshi lake la Waganda, akaweka ngome moja baada ya nyingine katika nchi iliyoitwa Bukedi. Hatupaswi kuficha kwamba makabila ya huko yalitawaliwa kwa nguvu ya bunduki. Mazao na mifugo yao ilichukuliwa, na wageni wakawekwa kuwa wakuu juu yao.

Pamoja na hayo, alikuwa mjenzi. Alikata barabara, akapanda miti kando yake na kuleta migomba. Waingereza walipomwondoa katika makao yake ya Budaka, alihamia chini ya mlima na kuanzisha makazi ambayo baada ya miaka michache yalikuwa mji wa Mbale, wenye soko lililovuta wafanyabiashara kutoka pande zote.

Kakungulu aliamini kwamba kwa kazi hiyo Waingereza wangemfanya mfalme wa nchi za mashariki. Hawakumfanya. Walimtumia kuwafungulia nchi, na ilipokwisha kufunguka wakaitwaa wenyewe. Mwaka 1906 walimpeleka Busoga kuwa rais wa baraza la machifu, na mwaka 1913 kazi hiyo nayo ilikwisha. Akarudi Mbale akiwa chifu wa kawaida chini ya maofisa vijana ambao hawakujua hata jinsi nchi ile ilivyopatikana.

Mpendwa msomaji, kwa macho ya kibinadamu maisha yake yangeweza kuishia hapo, katika uchungu na manung'uniko. Wangapi tumewaona, hata ndani ya Kanisa, ambao walipokosa cheo walichokitegemea walijitenga na kila kitu? Kakungulu naye alikuwa na uchungu, na hilo hatuwezi kulikana. Ila alikuwa na jambo moja ambalo Waingereza hawakuweza kumnyang'anya: alikuwa msomaji.

Torati na Sabato

Biblia nzima ilikuwa imekwisha kutafsiriwa kwa Kiganda kabla ya mwisho wa karne ya 19, na Kakungulu aliisoma kwa bidii kubwa. Karibu na mwaka 1914 alijiunga na kundi lililoitwa Bamalaki, lililojitenga na Kanisa la Kianglikana chini ya Malaki Musajjakawa. Kundi hilo lilishika Sabato ya Jumamosi na kukataa dawa za hospitali. Serikali ilipohimiza chanjo, Kakungulu na wenzake waligoma, na ugomvi wake na watawala ukazidi. Katika jambo hili hatuwezi kumfuata. Yoshua bin Sira anatufundisha kumheshimu tabibu kwa kuwa Bwana ndiye aliyemwumba, na hospitali yetu ya Kabanga ni ushuhuda kwamba Kanisa huona uponyaji kuwa kazi ya Mungu.

Kakungulu hakutulia hata kwa Bamalaki. Kadiri alivyosoma vitabu vya Musa ndivyo alivyoona kwamba agano la Abrahamu lina alama yake, nayo ni tohara. Wenzake walimwonya kwamba akitahiriwa atakuwa kama Wayahudi, wasiomkiri Yesu Kristo. Yeye akachukua onyo hilo kuwa jibu: ikiwa hivyo ndivyo, basi yeye ni Myahudi. Mwaka 1919 alitahiriwa, akawatahiri na wanawe, akaanzisha kusanyiko lake huko Gangama, karibu na Mbale.

Mwanzoni hakuwa na mwalimu. Mwaka 1920 alifika kwake Myahudi mgeni aliyejulikana kwa jina la Yosefu, akakaa nao miezi kadhaa. Huyo aliwafundisha kalenda ya Kiyahudi, sikukuu, namna ya kuchinja na vyakula vinavyoruhusiwa. Ndipo Pasaka ya mwezi wa Nisani ilipopata mahali pake chini ya Mlima Elgon, na baada yake siku hamsini hadi Sikukuu ya Majuma, ile ambayo sisi tunaijua kwa jina la Pentekoste. Mwaka 1922 Kakungulu alitoa kitabu cha kanuni na sala kwa Kiganda, ili watu wake wawe na kitu cha kushika yeye asipokuwapo.

Hapa ndipo tunapoona badiliko la uongozi wake. Yule aliyezoea kuamuru maelfu ya askari sasa alifundisha watu wachache kusoma, kuhesabu siku na kupumzika siku ya saba. Baadhi yao aliwapa ardhi ya kulima, na chakula cha nyumbani kwake kililiwa na wengi. Alifariki tarehe 24 Novemba 1928, akazikwa huko Gangama.

Kusanyiko baada ya kiongozi

Baada ya kifo chake wengi waliona kwamba jambo hilo limekwisha. Wapo waliorudi katika Ukristo, wapo waliogawanyika kwa mabishano ya ndani. Waliobaki walikuwa maskini, bila chifu wa kuwatetea na bila ndugu wa nje wa kuwasaidia. Hata hivyo Sabato iliendelea kushikwa, nyumba kwa nyumba.

Jaribu kubwa zaidi lilikuja baada ya mwaka 1971, Idi Amin alipotwaa serikali ya Uganda. Dini ya Kiyahudi ilipigwa marufuku na sinagogi zikafungwa. Wengine waliacha kwa hofu, wengine walisali kwa siri, na utawala huo ulipoanguka walibaki watu wapatao 300 tu. Nasi Watanzania tunajua ulivyoanguka, maana vijana wetu ndio waliokwenda. Kampala ilikombolewa tarehe 11 Aprili 1979. Jioni ya siku hiyohiyo, kwa kalenda ya Kiyahudi, ilikuwa ndiyo inayoanza Pasaka. Kesho yake ilikuwa Alhamisi Kuu yetu, siku ya kusoma sura ileile ya 12 ya Kutoka. Abayudaya hawajaisahau Pasaka hiyo, maana habari ya kutoka utumwani iliwafikia ikiwa jambo la siku ile.

Tangu hapo kusanyiko limekua tena. Kitovu chake kiko katika kilima cha Nabugoye, na mmoja wa wana wake, Gershom Sizomu, alipokea cheo cha rabi mwaka 2008 baada ya masomo nchini Marekani.

Tujifunze nini?

Sisi Wakatoliki hatuwezi kusema kwamba Kakungulu alifanya vema kumwacha Kristo. Tunakiri kwamba Torati na Manabii vimetimia katika yeye aliyekula Pasaka na wanafunzi wake na kujitoa awe Mwanakondoo wetu. Kakungulu aliisoma Biblia kwa ari kubwa, lakini aliisoma peke yake, akihama kundi hadi kundi. Maandiko yalikabidhiwa kwa Kanisa ili yasomwe pamoja, na ndiyo maana katika jumuiya zetu hatukai kila mtu na tafsiri yake.

Lakini Mama Kanisa anatukataza pia kuwadharau Wayahudi. Tarehe 28 Oktoba 1965 Mababa wa Mtaguso wa Pili wa Vatikano walitangaza kwamba Wayahudi bado ni wapendwa wa Mungu kwa ajili ya mababu, na wakalaani chuki dhidi yao. Kila Ijumaa Kuu tunawaombea kwa heshima. Anayetumia jina la Myahudi kama tusi, hata kwa mzaha kijiweni, anamtukana Mama Maria na mitume wote.

Fundisho la mwisho linatuhusu sisi viongozi. Ufalme alioutafuta Kakungulu kwa bunduki haukudumu hata miaka mitano mikononi mwake. Kusanyiko dogo alilolifundisha sala, kalenda na mapumziko ya siku ya saba limedumu zaidi ya miaka mia moja, tena lilipita katika mateso bila yeye. Lilidumu kwa sababu imani iliwekwa nyumbani, katika meza ya familia, ambako mtoto humwuliza baba maana ya usiku ule naye baba hulazimika kujibu.

Tuzitazame jumuiya zetu kwa mwanga huo. Iko jumuiya inayosali vizuri mwenyekiti akiwapo, na akihamia Kahama au akiugua, kitabu cha sala hakifunguliwi tena. Tumeziona pia familia za ndugu zetu wakimbizi katika kambi za Nyarugusu na Nduta, waliofika bila kitu, na bado wakaanza kukusanyika kusali kabla hawajapata paa imara. Wao walibeba imani yao walipokimbia kwa sababu walikuwa nayo nyumbani.

Kipindi hiki cha siku hamsini kinatupa nafasi ya kuanza. Baba na mama wawasimulie watoto, kwa maneno yao wenyewe, jinsi Mungu alivyowatoa Waisraeli Misri na jinsi Kristo alivyofufuka, wasimwachie katekista kazi yote. Na kila kiongozi wa jumuiya amwandae mmoja atakayeweza kuongoza sala yeye asipokuwapo. Tukifanya hivyo, Pentekoste itakapofika, itatukuta tukiwa kusanyiko linaloweza kusimama hata kiongozi wake akiwa hayupo.

Kristo Mfufuka awabariki nyote.