Apolo Kivebulaya: alirudi kwa wale waliompiga

Kila tarehe 30 Mei ndugu zetu Waanglikana wanamkumbuka Apolo Kivebulaya. Sisi hatuombi kwa watakatifu, lakini Waebrania 13:7 inatuagiza tuwakumbuke waliotuletea Neno na kuifuata imani yao.

Apolo alizaliwa Buganda karibu mwaka 1864, akaitwa Waswa, jina la pacha wa kwanza. Katika ujana wake alishika silaha katika vita vya dini vya nchi yake. Kisha Neno la Mungu likamgeuza, akabatizwa mwaka 1895.

Mwaka 1896 alivuka mto Semliki akafika Boga, katika Ituri yetu. Alipokemea ulevi na kuoa wake wengi, chefu Tabaro alimchukia. Apolo akanyimwa chakula, akapigwa vikali. Halafu dada ya Tabaro alianguka juu ya mkuki akafa, na lawama ikawekwa juu ya mwalimu huyu mgeni. Akafungwa gerezani huko Toro. Katika mateso hayo, kwa ushuhuda wake mwenyewe, Kristo alimtokea akamtia moyo.

Alipofunguliwa, njia ya kurudi kwao Buganda ilikuwa wazi. Yeye alirudi Boga. Na Tabaro yule yule aliamini, akabatizwa.

Apolo alipata ukasisi mwaka 1903. Tangu 1915 alikaa Boga, akaingia msituni kwa Wambuti, watu waliodharauliwa na wengi, akasaidia Injili ya Marko ipatikane katika lugha yao. Alifariki tarehe 30 Mei 1933. Alikuwa ameomba azikwe kichwa kikielekea magharibi, upande wa msitu, kwa sababu kazi ilikuwa bado.

Boga hiyo hiyo ililia tarehe 31 Mei 2021, watu wengi walipouawa usiku. Sisi wa Iga Barrière tunakijua kilio hicho. Tuna ndugu walioacha nyumba na mashamba, na wanaporudi wanakutana sokoni na jirani wanayemwogopa. Hatusemi haki isitafutwe. Apolo mwenyewe aliumizwa na uongo. Lakini angalieni: kama asingerudi, nani angemhubiria Tabaro?

Basi tuanze na salamu kwa jirani mmoja wiki hii. Mungu wa Apolo atutie nguvu. Amina.