Siti binti Saad na Ubishi wa Santuri Zake

Pale Garsen, ambapo barabara itokayo Malindi huvuka Mto Tana kuelekea Lamu, wapenzi wa taarabu hawaishi kubishana juu ya santuri za marehemu Siti binti Saad. Huyu hushikilia kuwa ya asili ni ile yenye picha ya mbwa. Yule hudai ya asili ni ile sidii aliyoletewa na mwanawe. Nimewasikiliza mara nyingi, na naona ubishi huo hauamuliki bila kuyajua maisha ya bibi mwenyewe.

Siti alizaliwa Fumba, kisiwani Unguja, yapata mwaka 1880, katika ukoo wa watumwa. Jina alilopewa ni Mtumwa. Skuli hakuiona. Alijifunza ufinyanzi, akawa akitembeza vyungu mjini na kuvinadi kwa sauti iliyowafanya watu wasimame. Yapata 1911 alihamia mjini, na huko Ali Muhsin, mpigaji udi, akamfunza uimbaji. Taarabu ya jumba la Sultani wakati huo iliimbwa kwa Kiarabu. Siti aliiimba kwa Kiswahili, nao watu wa Ng'ambo wakaisikia kuwa ni yao.

Mwaka 1928 kampuni ya His Master's Voice, yenye nembo ya mbwa anayesikiliza gramafoni, ilimpeleka Bombay, Bara Hindi, kutia sauti katika santuri. Alifuatana na Subeti bin Ambari, Maalim Shaaban, Budda bin Mwendo na Mbaruk Talsam. Basi mwenye kuutaja mbwa ana hoja. Ila ajue kuwa santuri zile, zizungukazo mara 78 kwa dakika, upande mmoja haukubeba zaidi ya dakika tatu na ushei. Wimbo uliozoea kurefushwa ngomani ulipaswa kukatwa.

Ama mwenye sidii, huenda anayo ile ya mwaka 2007 iliyotolewa na Topic Records ya London, yenye nyimbo za Kenya na Tanzania za tangu miaka ya 1920 hadi ya 1950. Za Siti zimo, lakini zimenakiliwa kutoka santuri za kale, na mpango wake ni wa mkusanyaji. Siti hakupata kutoa albamu kama tunavyoijua leo. Kila santuri ilisimama peke yake, na kila upande ulikuwa na wimbo wake.

Sisi tuliosoma chuoni tulizuiwa kuruka hata herufi moja, na pengine ndiyo sababu jicho langu huenda kwanza kwenye ile karatasi ya duara katikati ya santuri. Mwanamke aliyeitwa Mtumwa alichapwa hapo kwa jina la Siti, yaani bibi mwenye heshima. Leo nyimbo zake hupita simu hadi simu bila jina lolote. Kijiti, wimbo unaosimulia mauaji ya mwanamke mgeni mjini Unguja, husikilizwa na vijana wasiojua nani aliyeimba, wala kwamba mauaji yale yalitokea kweli.

Siti alifariki tarehe 8 Julai 1950. Shaaban Robert alimwandikia wasifu, na kitabu hicho kingaliko. Santuri hazina uhai kama huo. Zilitengenezwa kwa utomvu wa wadudu uitwao lakri, na zikianguka huvunjika kama kigae. Nasi wa bonde la Tana tuna adui wa pili. Mafuriko ya 1997, ya 2018 na ya 2023 yaliingia majumbani mwa watu, na maji hufuta maandishi ya karatasi hata kama santuri yenyewe imesalimika.

Kwa hiyo nawaomba wazee wangu wa Garsen: mwenye santuri ndani ya kasha lake, atwae kalamu leo. Anakili namba, jina la wimbo na majina yote yaliyochapwa pande zote mbili, kisha daftari aliweke mahali pa juu.