Dirichlet na Tatizo la Vigawo

Peter Gustav Lejeune Dirichlet alizaliwa mwaka 1805 mjini Düren, wakati huo ukiwa chini ya Ufaransa. Alisoma Paris, akafundisha Berlin, na mwaka 1855 akarithi kiti cha Gauss huko Göttingen.

Mwaka 1849 alichapisha uchunguzi wa swali hili: kuna jozi ngapi za namba kamili chanya ambamo ya kwanza haizidi kikomo fulani, na ya pili huigawa bila baki? Kikomo kikiwa 10, jozi ni 27. Kwa kawaida ingelazimu kukigawanya kikomo mara kumi. Dirichlet alionyesha kuwa inatosha kuishia kwenye kipeuo chake cha pili. Kugawanya kwa 1, 2 na 3 hutoa sehemu kamili 10, 5 na 3. Jumla, 18, huzidishwa kwa mbili, kisha hutolewa 9 zilizohesabiwa mara mbili. Vivyo hivyo alipata kadirio ambalo kosa lake halikui haraka kuliko kipeuo hicho.

Mwaka 1858 alimwarifu Kronecker kwa barua kwamba amegundua namna ya kulipunguza kosa hilo. Alifariki Mei 1859 bila kuichapisha. Mwaka 1903 Voronoi alilishusha hadi karibu na kipeuo cha tatu. Kiwango chake halisi hakijathibitishwa hata leo.