Benedicto Kiwanuka: Jaji Aliyekataa Kulipa Fadhila

Muhula uliopita tulikuwa na mjadala katika chama chetu: je, jaji aliyeteuliwa na rais ana deni kwa huyo rais? Wengi walisema ndiyo, ati asipolipa itakuwa fadhila ya punda. Mimi nilimkumbuka Benedicto Kiwanuka wa Uganda.

Kiwanuka alizaliwa mwaka wa 1922. Wakati wa Vita Vikuu vya Pili alikuwa askari, kisha akawa mkalimani katika Mahakama Kuu, Kampala. Kazi hiyo ilimtia hamu ya sheria. Akaenda kusoma Lesotho, halafu London, akarudi nyumbani akiwa wakili. Mwaka wa 1958 alichaguliwa kuongoza chama cha Democratic Party, na mnamo Machi 1962 akawa Waziri Mkuu wa kwanza wa Uganda. Lakini mwezi uliofuata chama chake kilishindwa katika uchaguzi, na Milton Obote akashika serikali. Mwaka wa 1969 Kiwanuka alitiwa kizuizini.

Januari 1971 Idi Amin alimpindua Obote, akamfungulia Kiwanuka. Mwaka huohuo akamfanya Jaji Mkuu, mwananchi wa kwanza wa Uganda kupata cheo hicho. Ndugu msomaji, hapo ndipo palipokuwa na mtego. Mtu amekutoa kizuizini, tena amekuvika joho. Bunge lilikuwa limevunjwa, kwa hivyo hakuna aliyeulizwa. Ukikalia kiti hicho, utamkatalia nini?

Kiwanuka alimkatalia. Mwaka wa 1972 wanajeshi walimzuilia mfanyabiashara mmoja Mwingereza. Kesi ilipomfikia, Kiwanuka aliamua kwamba jeshi halina mamlaka ya kumkamata mtu huyo, akaamuru aachiliwe. Hazikupita siku nyingi. Tarehe 21 Septemba watu wenye silaha waliingia Mahakama Kuu, wakamkamata Jaji Mkuu na kumtia garini. Aliuawa akiwa na umri wa miaka 50, na mpaka leo familia yake haijapata maiti ya kuzika.

Msidhani hayo ni mambo ya Uganda ya zamani tu. Hapa Kenya, Katiba ya 2010 imeipa tume kazi ya kuwachagua majaji, na rais huwateua waliopendekezwa. Hata hivyo, mwaka wa 2019 tume ilipeleka majina 41, nayo yakakaa karibu miaka miwili. Juni 2021 rais aliwateua 34 na kuwaacha sita. Hao sita waliteuliwa na rais mwingine Septemba 2022.

Sisi wa Kamere wazazi wetu wengi ni vibarua wa mashamba ya maua. Siku kibarua akishtakiana na mkubwa, tumaini lake ni jaji asiyedaiwa na mtu. Kwa hivyo mjadala ule ukirudi, mimi nitakaa upande wa wapinzani. Fadhila ya jaji ni haki, na hiyo anawadaiwa wananchi wote.