MORDECAI BROWN, MRUSHAJI WA VIDOLE VITATU

Kurasa hizi huwa na wasifu wa wanasiasa, waandishi na wapigania uhuru, na sina ubaya nao. Mimi nimeamua kupita kando kidogo. Ninawaletea mwanamichezo, tena wa mchezo ambao wengi wetu hatujawahi kuutazama hata siku moja. Mtanisamehe. Huyu jamaa amekataa kunitoka akilini.

Jina lake kamili ni Mordecai Peter Centennial Brown. Alizaliwa Oktoba 19, 1876, katika kijiji cha Nyesville, jimbo la Indiana, huko Marekani. Hilo jina la Centennial alipewa kwa kuwa mwaka huo nchi yao ilikuwa ikitimiza miaka 100 tangu ijitangazie uhuru. Kwao walikuwa watu wa shamba.

Sasa tegeni masikio. Kuna ile mashine ya kukatia nyasi za ng'ombe. Wenzangu wanaotoka katika boma zenye ng'ombe wa kufungiwa wanaijua fika, na wanajua pia jinsi mama anavyopiga kelele mtoto akiisogelea. Brown alipokuwa mtoto aliingiza mkono wake wa kulia katika mashine ya namna hiyo. Kidole cha shahada kikaenda, pakabaki kigutu tu. Siku ya kufa nyani miti yote huteleza, kwani hata kabla mkono haujapona alianguka akavunja vidole vingine. Kile cha kati kiliunga kikiwa kimepinda kama ndoana, na kile cha mwisho hakikurudi kuwa kidole cha kutegemewa.

Alipopata nguvu za ujana aliingia kufanya kazi katika migodi ya makaa ya mawe. Huko ndiko kulikotoka jina lake la utani la Miner, yaani mchimba migodi. Wachezaji wenzake walimwita hivyo. Hilo la Three Finger, yaani Vidole Vitatu, ndilo lililovuma zaidi, ingawa ukihesabu vizuri utaona hata hesabu yenyewe si sahihi.

Kabla sijafika mbali, nieleze besiboli kidogo, maana bila hivyo nitakuwa ninampigia mbuzi gitaa. Ni ndugu wa raunda tuliyoicheza shule ya msingi. Kuna timu mbili za watu tisa tisa. Mpigaji husimama na gongo, akiupiga mpira vizuri hukimbia kuzunguka vituo vinne, na akirudi alipoanzia timu yake hupata alama moja. Akiukosa mara tatu, basi, ametoka. Mchezo una zamu tisa. Lakini tofauti kubwa iko kwa mrushaji. Katika raunda yetu mrushaji ni kama mtumishi tu, anamletea mwenzake mpira ili apige. Katika besiboli mrushaji ni adui. Husimama kwenye kichuguu kama mita 18 hivi kutoka kwa mpigaji, na kazi yake yote ni kuhakikisha kwamba yule mwenye gongo anapiga hewa.

Njia mojawapo ya kumhadaa ni kuupindisha mpira. Wale wa Fizikia watanielewa upesi. Mpira ukirushwa huku unazunguka, hewa inayoupita huelekezwa upande mmoja nao mpira husukumwa upande wa pili. Kwa hiyo vidole ndivyo kila kitu. Vidole ndivyo huusokota mpira unapoachiliwa. Sasa mpira wa Brown ulitoka ukipitia juu ya kigutu na kile kidole kilichopinda, nao ulipata mzunguko wake wa ajabu. Ulikuja kama unaopigika kabisa, halafu ukimfikia mpigaji unazama ghafla. Gongo lenyewe hilo, pwaa, hewani!

Hapa ndipo nisipoelewana na watu. Wengi wanaomsimulia Brown husema ati mashine ile ilimpa zawadi, ajali ikageuka bahati. Mimi nakataa. Mashine za mashamba na migodi ya zama hizo zilikata vidole vingi, na wenye vidole hivyo hatuwajui hata majina. Tena tazameni miaka. Mwaka 1898, akiwa na umri wa miaka 21, Brown bado alikuwa akilinda kituo cha tatu katika timu ya wachimba migodi ya Coxville. Hakuwa mrushaji. Aliitwa kujaribu tu siku ambayo mrushaji wao aliumia. Kwa hiyo tangu mashine ile hadi siku hiyo mkono ulikuwa uleule, na hakuna aliyeuita zawadi. Aliyekuwa amefanya kazi ni yeye, kuushika mpira kwa mkono usioshikika, mara elfu na elfu nyingine. Husimuliwa kwamba alipoulizwa kama kigutu kilimsaidia, alijibu kuwa hawezi kujua, kwani hajawahi kurusha kwa mkono mzima. Jibu hilo mimi lanitosha.

Mwaka 1901 akawa mchezaji wa kulipwa huko Terre Haute, mwaka uliofuata akaenda Omaha, na 1903 akaingia ligi kuu na timu ya St. Louis Cardinals. Timu ilikuwa hoi, ikamaliza mkiani. Brown alishinda mechi 9 akapoteza 13, na msimu ulipokwisha wakamtoa kwa Chicago Cubs. Majuto ni mjukuu, waswahili tunasema, na St. Louis walimpata mjukuu huyo mapema sana.

Huko Chicago alimkuta Frank Chance, ambaye baada ya muda alishika usukani akawa meneja huku akicheza. Mwaka 1906 Cubs walishinda mechi 116 na kupoteza 36 tu. Brown peke yake alishinda 26 akapoteza 6. Kuna kipimo cha warushaji kinachohesabu alama wanazowaachia wapinzani kwa kila zamu tisa. Mrushaji mwenye tatu huhesabiwa kuwa mzuri. Brown mwaka huo alikuwa na 1.04. Si mchezo!

Lakini msidhani ilikuwa asali tupu. Katika fainali za mwaka huo, zinazoitwa World Series, Cubs walipambana na White Sox, jirani zao wa mjini Chicago, timu iliyochekwa kwa wapigaji dhaifu. Brown alipoteza mechi ya kwanza 2-1. Akashinda ya nne 1-0. Akarudishwa uwanjani katika ya sita akiwa amechoka, wakamcharaza hata akaondolewa katika zamu ya pili, na White Sox wakatwaa ubingwa. Mechi 116, halafu hivyo! Mwaka uliofuata Cubs walirudi wakawashinda Detroit Tigers, waliokuwa na mpigaji hatari Ty Cobb, na mechi ya mwisho ni Brown aliyewafungia mlango, 2-0.

Ila kilichonifanya nimwandike ni siku moja tu, Oktoba 8, 1908.

Mwaka huo Cubs na New York Giants walifukuzana hadi mwisho. Septemba 23 walicheza New York, na wenyeji wakadhani wameshinda katika dakika za mwisho. Kumbe kijana wao wa miaka 19, Fred Merkle, alipoona mashabiki wakimiminika uwanjani alikimbilia chumbani bila kukanyaga kituo cha pili kama sheria inavyotaka. Alama ikafutwa, mechi ikawa sare. Msimu ukaisha timu hizo mbili zikiwa sawasawa, kila moja mechi 98. Ikabidi warudiane, kulekule New York, kufa kupona.

Jamani, siku hiyo! Watu walifurika uwanja wa Polo Grounds na wengine wakapanda kila kilichopandika huko nje. Walikuwa na hasira ya kudhulumiwa. Brown mwenyewe alieleza baadaye kwamba alikuwa ametumiwa barua za kumtisha kwamba angeuawa akithubutu kurusha. Chance hakumwanzisha. Alimweka Jack Pfiester. Lakini wapi! Zamu ya kwanza tu Pfiester akayumba, Giants wakapata alama, na wengine wawili wakawa vituoni wakingoja kukimbia. Chance akaita. Brown akapenya katikati ya umati uliojaa pembeni mwa uwanja, akapanda kile kichuguu, akaizima hatari. Mbele yake upande wa pili alikuwa Christy Mathewson, mrushaji msomi wa chuo, kipenzi cha New York, aliyeshinda mechi 37 mwaka huo. Katika zamu ya tatu Cubs walimchapa Mathewson alama nne. Giants waliongeza moja tu hadi mwisho. Cubs 4, Giants 2. Kisha ikawa ni mbio za kuokoa roho, maana mashabiki waliwavamia wachezaji wa Chicago, na Chance alipigwa shingoni akaumia.

Cubs wakawashinda Detroit tena wakawa mabingwa, na Brown akapata mechi mbili kati ya zile nne walizoshinda. Hawakuuona tena ubingwa huo hadi mwaka 2016. Miaka 108!

Yaliyofuata nitayapitia mbiombio. Kwa misimu sita mfululizo, 1906 hadi 1911, hakushinda chini ya mechi 20. Mwaka 1912 goti lilimsaliti, Cubs wakamwacha. Akazunguka: Cincinnati, kisha ile ligi mpya ya Federal iliyodumu kwa muda mfupi, kisha 1916 Cubs wakampokea tena, uzee ukimwandama. Kwa jumla alikuwa ameshinda mechi 239.

Septemba 4, 1916, alipanda kichuguu kwa mara ya mwisho katika ligi kuu. Aliyepangwa dhidi yake alikuwa Mathewson, sasa meneja wa Cincinnati, naye akirusha kwa mara yake ya mwisho. Walikuwa wamekwisha wote wawili. Wapigaji waliwafanya walivyotaka, lakini hakuna aliyekubali kutoka kabla ya mwenzake. Mathewson alishinda 10-8.

Brown aliendelea na timu ndogo ndogo kwa miaka michache, halafu akatulia Terre Haute, akawa na kituo cha petroli kwa miaka mingi. Alifariki Februari 14, 1948. Jina lake liliingizwa katika Jumba la Mashujaa wa Besiboli huko Cooperstown mwaka 1949. Mathewson alikuwa amemtangulia humo kwa miaka 13.