Idi Amin na ndege za wiski: waliokunywa na waliolipa

Kama wewe ni mtu wa Koboko au Arua na umewahi kufanya biashara Ariwara, Kaya au mbali zaidi, unajua jambo hili. Ukitaja kwenu, mwenzako hukutajia Idi Amin. Wengine hucheka, wengine hukutazama kwa jicho la shaka, na wako wanaodhani kwamba kila mtu wa West Nile alikula na kunywa meza moja na yule mtawala. Amin amekwisha kufa zaidi ya miaka 20 sasa, lakini hesabu ile bado inaletwa mlangoni kwetu. Leo napenda tuipitie hesabu hiyo kwa njia ya kitu kimoja kidogo, nacho ni chupa ya wiski.

Amin alizaliwa katikati ya miaka ya 1920. Wako wanaosema alizaliwa Koboko na wako wanaosema Kampala. Baba yake alikuwa Mkakwa na mama yake Mlugbara, kwa hiyo Koboko na Arua zote mbili zina sehemu katika damu yake. Mwaka 1946 aliingia jeshi la Waingereza la King's African Rifles, akianzia jikoni. Alikuwa kijana mrefu, mwenye nguvu, mtii kwa wakubwa na mwepesi wa kuchekesha. Kuanzia 1951 hadi 1960 alishikilia ubingwa wa ngumi wa Uganda katika uzito wake. Alipelekwa Kenya kupigana na Mau Mau. Mwaka 1959 akawa effendi, na mwaka 1961 yeye na Shaban Opolot wakawa Waganda wa kwanza kupewa uofisa kamili.

Katika jeshi lile walikuwamo maofisa wengi kutoka Scotland. Kwao Amin alijifunza kupenda zumari zao za mfuko na sketi zao za kiume, na alipokuwa rais alivalisha kikosi cha bendi mavazi hayo. Kwao pia aliona kilichokuwa mezani baada ya gwaride. Tukumbuke kwamba sheria za kikoloni zilimkataza Mwafrika kunywa pombe kali za Kizungu mpaka miaka ya 1950. Askari mweusi aliweza kuibeba chupa mpaka kwenye mesi ya maofisa, akaimimina, akarudi nyuma na kusimama wima. Chupa ile ikawa alama ya cheo. Aliyeinywa alikuwa mkubwa, na aliyekaa nje na kibuyu cha kwete alikuwa mdogo. Nadhani somo hilo Amin hakulisahau.

Kinywaji chenyewe

Kwa faida ya wasiokijua, wiski ya Scotland hukenekwa kwa nafaka, kisha kwa sheria ya huko hulazwa katika mapipa ya mwaloni kwa muda usiopungua miaka 3. Inayosifiwa zaidi ni ile ya kimea cha shayiri pekee, iliyotoka katika kiwanda kimoja bila kuchanganywa na ya kiwanda kingine. Baadhi ya viwanda hukausha kimea kwa moshi wa udongo wa kinamasi, kama vile wenzetu wa Panyimur na Rhino Camp wanavyokausha samaki, na moshi huo hubaki katika ladha. Zamani wiski ya namna hiyo ilinywewa zaidi na wenyewe huko huko. Kiwanda cha Glenfiddich ndicho kilichoanza kuitangaza kwa nguvu nje ya nchi mwaka 1963. Hufunguliwa taratibu, baada ya siku ya kuvua samaki mtoni, marafiki wanne au watano wakisimuliana.

Nasi tulikuwa na chetu. Wanubi, wazao wa askari wa Emin Pasha, walisifika tangu zamani kwa ufundi wa kukeneka, na waragi ilienea Uganda nzima. Waingereza waliipiga marufuku. Baada ya uhuru, katikati ya miaka ya 1960, serikali iliwaruhusu wakenekaji wenye leseni kuuza pombe yao kiwandani ili isafishwe na kutiwa katika chupa kwa jina la Uganda Waragi. Kwa hiyo Uganda haikukosa pombe kali. Kama kukata kiu ya askari ndiko kulikotakiwa, waragi ingetosha.

Safari za Stansted

Amin alimpindua Milton Obote tarehe 25 Januari 1971. Julai mwaka huo huo alikaribishwa Uingereza, akala chakula na Malkia. Urafiki haukudumu. Agosti 1972 aliwaamuru Waasia waondoke katika muda wa siku 90, na maduka yao, pamoja na yale ya mji wa Arua, yakagawiwa watu ambao wananchi waliwaita mafuta mingi. Wengi wao hawakujua bei ya kununulia wala ya kuuzia. Mfanyabiashara yeyote anaelewa kilichofuata: mali ya rafuni iliisha na haikurudishwa nyingine. Sukari ikaadimika, chumvi ikaadimika, sabuni ikawa kitu cha kuficha chini ya kitanda.

Lakini askari hawakutakiwa kuikosa chupa. Ndege za mizigo zikawa zinakwenda uwanja wa Stansted, karibu na London, na kurudi Entebbe zikiwa zimejaa wiski, redio, saa na nguo za maofisa na familia zao. Waingereza wenyewe walizibatiza kwa jina la wiski. Kwa mdomo Amin alijiita mshindi wa dola ya Kiingereza na hata kutaka ufalme wa Scotland, huku ndege zake zikiendelea kununua huko huko kwa wiki, kwa miezi, mpaka utawala wake ulipokaribia mwisho. Yeye alikuwa Mwislamu, na chupa zile kazi yake kubwa ilikuwa kufunga midomo na mioyo ya wenye bunduki.

Fedha zilitoka kwenye kahawa. Baridi kali iliharibu mibuni ya Brazil mwaka 1975, na bei ya kahawa duniani ikapanda hadi kufikia kilele mwaka 1977. Mkulima wa Uganda hakuiona bei hiyo, maana alilazimika kuiuzia bodi ya serikali kwa bei ndogo. Wengi wakaamua kupakia magunia kwenye mitumbwi usiku na kuvuka Ziwa Victoria kwenda Kenya. Ndipo Amin akamweka Bob Astles, Mwingereza aliyekuwa rafiki yake, kuongoza kikosi cha kupambana na magendo ziwani. Watu walipigwa risasi majini kwa sababu ya gunia la kahawa. Ziwa lile lile Amin alikuwa na nyumba ya mapumziko ufukweni Munyonyo, aliyoiita Cape Town View, ambako aliwapokea wageni na kuwachekesha. Wewe uliyewahi kulala porini na baiskeli yenye shehena ukingoja doria ipite, pima mwenyewe: nani alikuwa mlanguzi mkubwa, mwenye gunia moja au mwenye ndege?

Chupa haikununua uaminifu

Wanaodhani West Nile yote ilinufaika wasome habari za mwaka 1974. Luteni Kanali Michael Ondoga, Mlugbara, aliyekuwa waziri wa mambo ya nje, aliondolewa kazini, akatekwa, na maiti yake ikaokotwa katika mto Nile. Mwezi Machi mwaka huo Brigedia Charles Arube, Mkakwa kama Amin mwenyewe, aliongoza maasi ya wanajeshi Kampala na akafa usiku ule. Hao walikuwa watu wa nyumbani. Aprili 1978 makamu wa rais Mustafa Adrisi, naye wa kwetu, aliumia vibaya katika ajali ya gari ambayo wafuasi wake hawakuiamini kuwa ajali, na jeshi likagawanyika. Oktoba 1978 Bunge la Marekani liliamua kuzuia kahawa ya Uganda, na mwezi huo huo majeshi ya Amin yakaivamia Kagera. Tanzania ikajibu. Tarehe 11 Aprili 1979 Kampala ikaanguka. Maofisa walionyweshwa miaka minane wengi wao walikuwa wamekwisha kukimbia.

Amin alipanda ndege kwenda Libya. Sisi tulibaki na miguu. Oktoba 1980 wanajeshi wake wa zamani waliingia kutoka ng'ambo wakashambulia Koboko na Arua, na jeshi jipya la UNLA lilipoirudia miji hiyo lililipiza kisasi kwa raia. Tarehe 24 Juni 1981 waliuawa watu waliokimbilia misheni ya Ombaci, karibu na mji wa Arua, wakidhani kanisa lingewasitiri. Wanavijiji ambao maishani mwao hawakuwahi kuionja wiski ndio walioulizwa ilikunywewa na nani. Maelfu kwa maelfu wakavuka kwenda Sudan na Zaire.

Mimi nilibebwa mgongoni, na darasa la kwanza nililianza upande wa Aru, kwa Kifaransa na Kiswahili. Watoto wenzangu waliniita Amin, ingawa jina langu halifanani na hilo kabisa. Baba yangu mdogo alikuwa askari. Huko ugenini yeye na wenzake watatu walikuwa wakienda mtoni kuvua, na jioni wakikaanga visamaki walikunywa waragi ya muhogo katika kikombe kimoja cha bati. Walikuwa wakikumbushana chupa za Kampala, rangi yake, sauti ya kizibo. Nilipokuwa mkubwa kidogo nilimuuliza, baba, chupa zile zilitoka wapi na nani alizilipia. Alinyamaza, akatia chambo kwenye ndoana. Siku nyingi baadaye aliniambia kwamba katika miaka yote ile hakuna hata mmoja wao aliyeuliza.

Jeddah

Kutoka Libya Amin alihamia Saudi Arabia, akapewa makazi Jeddah kwa sharti la kukaa kimya na siasa. Nchi ile ilikwisha kupiga marufuku pombe tangu 1952. Yule aliyepeleka ndege Ulaya kufuata wiski aliishi miaka yake zaidi ya 20 ya mwisho mahali ambapo chupa moja ilitosha kumfunga mtu. Husimuliwa kwamba alipenda kuogelea na kuvua samaki katika Bahari ya Shamu, na kwamba alicheza kinanda. Alifariki hospitalini tarehe 16 Agosti 2003, akazikwa makaburi ya Ruwais huko huko Jeddah, mbali na Koboko. Hakuwahi kusimama mbele ya mahakama.

Wanafunzi wangu huniuliza kama alikuwa shujaa au shetani. Huwaambia wafuate chupa: nani aliilima kahawa, nani aliiuza, nani alikunywa, na nani aliulizwa bei baada ya meza kuondolewa. Hesabu hiyo haiwahusu wafu peke yao. Kila msimu wa uchaguzi tunaona magari yanayofika sokoni na pombe ya bure na fulana. Mfanyabiashara wa mpakani hapokei mzigo kabla ya kujua ushuru wake. Basi na tusipokee kikombe cha mkubwa kabla ya kuuliza swali ambalo baba mdogo na wenzake hawakuliuliza, kwa maana walioulizwa badala yao wamelala Ombaci.