Herschel na Tarakimu Inayowakanganya Wanafunzi

Katika miaka yangu ya kufundisha hisabati, nimewaona wanafunzi wengi wakipoteza maksi kwa sababu ya tarakimu moja ndogo: hasi moja iandikwayo juu ya neno sini. Wanapotakiwa kutafuta pembe, wao hugawanya moja kwa sini. Kwa muda mrefu niliwalaumu kwa uzembe. Nilipoyasoma maisha ya mtu aliyeileta alama hiyo katika hisabati ya Uingereza, nilijirudi.

Mtu huyo ni John Herschel, aliyezaliwa mwaka wa 1792 mjini Slough, Uingereza. Babake, William, ndiye aliyeigundua sayari ya Uranus mwaka wa 1781. Mwaka wa 1812, akiwa mwanafunzi wa Cambridge, John aliungana na Charles Babbage na George Peacock kuunda chama cha kuwashawishi Waingereza waache alama za Newton na kuzitumia zile za Leibniz. Mwaka uliofuata aliibuka wa kwanza katika mtihani wa hisabati chuoni, na akachapisha makala iliyokuwa na ile hasi moja yetu.

Hoja yake ilikuwa nyofu. Kwake, tarakimu ya juu ilihesabu mara ambazo kitendo kimefanywa. Mbili ilimaanisha sini ya sini. Hivyo basi, hasi moja ilimaanisha kukitangua kitendo, yaani kutoka kwenye uwiano na kuirudia pembe.

Kosa ni letu tulioshika nusu ya fundisho lake. Tukiandika mbili juu ya sini, twamaanisha sini mara sini. Tukiandika hasi moja, ghafla twamfuata Herschel. Mwanafunzi anayegawanya anaifuata tu kanuni tuliyomfunza jana! Sini ya nyuzi 30 ni nusu. Ukiitangua nusu hiyo, wapata nyuzi 30. Ukigawanya moja kwa nusu, wapata 2, ambayo ni kosekanti ya nyuzi 30. Jibu la kwanza ni pembe; la pili ni uwiano.

Herschel hakuishia kwenye alama. Kuanzia mwaka wa 1834 hadi 1838 aliishi Rasi ya Tumaini Jema, kusini mwa Afrika, akizichunguza nyota za anga ya kusini, na hata kutoa ushauri kuhusu shule za huko. Mwaka wa 1842 alivumbua njia ya kutoa picha za rangi ya buluu. Alifariki mwaka wa 1871, akazikwa katika kanisa la Westminster Abbey, karibu na Newton yule yule aliyezikataa alama zake.

Mwalimu mwenzangu, alama hiyo haitafutwa vitabuni kesho. Tuwafunze basi wanafunzi kuisoma kwa maneno: pembe ambayo sini yake ni nusu. Nawe mwanafunzi, ukikanganyikiwa, inua mkono. Kuuliza si ujinga, hasa pale ambapo waliokutangulia ndio waliochanganya mambo.